Kitufe cha Kuza

Fundi wa nguo za wanawake anajua mambo ambayo hata daktari huyauliza kwa staha. Anajua nani ametoka kunyonyesha na nani amekonda kwa mawazo, bega la nani limeshuka kuliko la pili, na nani anavuta pumzi kila tepu inapomzunguka kiunoni akidhani fundi haoni. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya mtu mzima anayetembea na kusalimia watu, aijuaye ni fundi wake, na kama fundi huyo hana breki mdomoni, afadhali mtu avae shuka.

Mama Tepu alikuwa na breki. Miaka ishirini na sita alizijua aibu za nusu ya mtaa na hakuwahi kuitoa hata moja, si kwa ndugu, si kwa jirani. Jina lenyewe alilipata kwa ile tepu ya kupimia aliyoivaa shingoni tangu alfajiri mpaka kulala. Marehemu mumewe alikuwa akimtania kwamba ipo siku atamzika nayo, kisha akatangulia yeye. Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya jengo la ghorofa moja, katikati ya fundi viatu na muuza ndoo za plastiki: vyerehani viwili, pasi moja nzito, pazia la kona ya kupimia, na kioo kirefu kilichopasuka kwenye usawa wa magoti.

Vipimo aliviandika kwenye daftari. Daftari la kwanza liliungua na pasi, la pili liligugunwa na panya, la tatu lilisahaulika juu ya meza siku bomba la ghorofani lilipopasuka. Kitinda mimba wake, binti aliyekuwa akifanya kazi kwenye duka la kutoa kopi, alipochoka kusikia vilio vya madaftari akamfungulia mama yake ukurasa wa biashara kwenye simu.

"Ukiweka picha hapa, mama, hata simu ikipotea hazipotei. Huu ni ukurasa wako."

Hapo ndipo balaa lilipoanza, na wala halikuanza kwa ubaya. Kwa Mama Tepu ukurasa ulikuwa ukurasa. Tangu ajue kusoma, kurasa zilikuwa kitu cha kuandikia, na alichoandikia yeye ni vipimo. Akawa anampiga mteja picha kuanzia shingo kwenda chini, kichwa anakiacha kwa heshima, anaiweka kwenye ukurasa, na chini yake anaandika kila kitu alichokuwa akiandika zamani kwa kalamu. Bintiye aliona picha mbili za kwanza, magauni mazuri yaliyotundikwa, akafurahi na kuacha salio kidogo la matangazo humo, akisubiri siku mama apate nguo ya kuitangazia. Kisha shughuli zikambana, asichungulie tena. Wafuasi wa ukurasa walikuwa tisa, wanne kati yao wauza mafuta ya nywele ambao hawakusoma chochote.

Basi Jumatatu moja Mwalimu alikuja kujaribu gauni lake. Mwalimu na Mama Tepu walijuana tangu wote wawili wana viuno vya kuzungukwa na viganja viwili. Gauni hili halikuwa la mchezo: Ijumaa shule ilikuwa inamuaga Mwalimu baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha Kiswahili, na alitaka asimame mbele ya ukumbi akiwa, kwa maneno yake mwenyewe, "mtu aliyemaliza safari, si mzigo uliotupwa stendi."

"Nifiche hapa," alisema, akijigusa tumbo. "Wewe unajua."

"Najua, mwenzangu. Acha kazi kwa mwenye kazi."

Alipoondoka, Mama Tepu akaweka picha na kuandika: *Mwalimu, gauni la Ijumaa. Kifua 116, kiuno 119, nyonga 134. Tumbo limeshuka, mkunjo uanzie juu ya kitovu ulifiche. Mgongo una kinundu kulia. Sidiria abadilishe, hii imechoka.* Hayo ndiyo aliyoyaandika, neno kwa neno, kama mtu anayejisemea peke yake.

Alasiri akataka kuutazama mshono wa kwapa, maana aliuona kama umevutwa. Miwani ilikuwa mbali. Chini ya picha kulikuwa na kitufe cha buluu kimeandikwa *Kuza chapisho*. Yeye alikuwa anataka kukuza. Hilo neno la pili alilipita kama mtu anavyopita neno gumu kwenye barua ya serikali, akabonyeza. Simu ikamwambia achague hadhira. Akasoma hadhira, akakumbuka hadhara, akahisi kijibaridi, lakini kidole kilikuwa kimeshatangulia: watu wa eneo lako, ndiyo, siku tatu, ndiyo, thibitisha, ndiyo. Picha haikukua hata chembe. Akaisonya simu, akainuka kuifuata miwani.

Asiyejua maana haambiwi maana, wanasema, na mimi siku zote nimeuona msemo huo ni wa watu wachoyo. Laiti mmoja tu angemwambia mwanamke yule maana Jumatatu ile.

Jumanne asubuhi simu ilimwandikia: *Hongera! Tangazo lako limefikia watu 1,870.* Mama Tepu akajua ni wale matapeli wa kuwashindisha watu magari, akaufuta ujumbe. Wasichana wawili walipita nje, wakatazama ndani, wakasukumana. Mchana fundi viatu alimsalimia bila kuinua macho kutoka kwenye soli aliyokuwa akiishona.

"Mama Tepu, siku hizi upo juu. Mpaka kwenye simu yangu umeingia."

"Kizuri chajiuza, kaka yangu."

Fundi viatu akakohoa, akaendelea kushona. Alikuwa mtu wa haya, na ameona kilichoandikwa kuhusu sidiria, angeanzia wapi? Mama Tepu akarudi kwenye cherehani akiwa amevimba kichwa kidogo, na kumbukumbu ya kichwa kile kuvimba ndiyo iliyokuja kumchoma baadaye kuliko mengi.

Jumatano aliingia mwanamke asiyemfahamu, akaweka kitambaa mezani na kunyoosha mikono apimwe.

"Ila vya kwangu usiviandike, dada," alisema. "Nimesikia kazi yako ni nzuri, lakini vya kwangu nitavikariri mwenyewe."

"Nisiviandike kwa nini?"

Yule mwanamke alimtazama kuona kama anatania. Kisha akatoa simu yake, akamwonyesha.

Mama Tepu aliiona picha aliyoipiga kwa mkono wake, na juu yake neno *Tangazo*. Chini kulikuwa na watu wanacheka. Mmoja ameuliza Mwalimu yupi. Wa pili ametaja shule. Wa tatu, ambaye bila shaka alifundishwa kusoma na huyo huyo anayemcheka, ameandika: *134? Hiyo ni nyonga au ni namba ya basi?* Alimrudishia mgeni kitambaa chake, akavuta pazia la kona ya kupimia na kukaa nyuma yake, juu ya kigoda, kama mteja aliyevuliwa nguo akaambiwa asubiri. Alikuwa na aibu ya kitoto, ile ya kutaka ardhi ipasuke, na ardhi haikuonyesha nia.

Bintiye, ambaye habari zilimfikia kazini, alifika saa ya chakula, mbio mbio. Kitu cha kwanza alichofanya ni kulisitisha tangazo, cha pili kuufuta ukurasa wote. Kisha akakaa sakafuni karibu na kigoda.

"Kabla sijafuta nimetazama namba, mama. Unataka kuzijua?"

"Nisipozijua nitazifikiria. Sema."

"Maonyesho elfu kumi na saba na mia tano."

Mama Tepu akashika kichwa. Maonyesho aliyoyafahamu yeye ni yale ya mavazi, wasichana warefu wakipita kwenye zulia, watu wakipiga makofi.

"Watu elfu kumi na saba?"

"Siyo watu. Maonyesho ni mara ngapi picha imepita mbele ya macho. Mtu mmoja anaweza kupitiwa mara tatu."

"Kama mteja aliyekuja kupimwa mara tatu. Vipimo vitatu, mteja mmoja."

"Hapo hapo. Wateja wenyewe wanaitwa waliofikiwa. Hao ni elfu sita mia mbili na kumi na nne."

Mama Tepu alipumua. Ni ajabu ya binadamu, kwamba watu elfu sita walimpa nafuu.

"Na hao wote walisoma?"

"Wengi wanapitisha kidole tu. Waliogusa wakaifungua, ile wanaita mibofyo, ni mia moja arobaini na tatu. Halafu kuna mwitikio, wale waliocheka, waliosema neno, waliowatumia wenzao. Hao waliotuma ndio siwezi kuwafuta, mama. Wengine wameipiga picha, ipo kwenye simu zao."

"Na hadhira ni nini?"

Binti alisita. "Ni watu unaowachagua tangazo liwaendee. Ulichagua wa eneo lako."

"Kwa hiyo ningechagua wa mbali, wasingemjua."

"Wasingemjua."

Bintiye akasema pia kwamba kosa ni lake, angemfundisha mama kwanza. Mama Tepu hakulipokea. Alikuwa ameshaanza kuzipanga zile namba kichwani, si kwa ukubwa wa ukweli wake bali kwa wepesi wa kuzisema, na iliyokuwa nyepesi kuliko zote ilikuwa ya mwisho. Mia moja arobaini na tatu. Hao wanaenea kwenye harusi ndogo.

Alimaliza gauni alasiri ile ile. Alilipiga pasi mara mbili, akalikunja kwenye mfuko wa karatasi, akaenda shuleni huku akirudia njiani hotuba yake: simu, kitufe, neno moja lenye maana mbili, bahati mbaya. Ilikuwa hotuba nzuri na kila kilichokuwemo kilikuwa kweli.

Masomo yalikuwa yamekwisha. Alimkuta Mwalimu peke yake darasani, amempa mgongo, anafuta ubao. Pale alipokwishafuta, chini ya vumbi la chaki, bado ilisomeka hafifu: 134.

"Hii ni mara ya tatu leo," alisema Mwalimu bila kugeuka. "Nilidhani ni jibu la hesabu wamelisahau. Nimewauliza ni hesabu gani, darasa zima likaangua kicheko."

"Nisamehe, ndugu yangu. Ni simu. Nilibonyeza kuza nikijua itaikuza picha niuone mshono, kumbe kwao kukuza ni kutangaza. Wallahi sikujua."

"Hilo naliamini." Mwalimu akaweka kifutio mezani, taratibu. "Na simu ndiyo iliyoandika kwamba sidiria yangu imechoka?"

Hotuba yote iliyeyuka. Mama Tepu alisimama na mfuko wake mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu aliona jambo lilivyokaa. Simu haikuzua neno. Ilichukua tu maneno yake yeye, aliyoyaandika mchana kweupe akiwa na akili timamu juu ya mwili wa mtu aliyemwambia nifiche, ikayapeleka kwa watu.

"Ni mimi," alisema.

"Walioona ni wangapi?"

Namba ilikuwa imeshakaa ulimini. "Mia moja arobaini na tatu."

Mwalimu alivuta kiti, akakaa. "Mdogo wangu anakaa upande wa pili wa mji. Hakujui, wala hana habari na ukurasa wako. Leo asubuhi alikuwa kwenye foleni ya kliniki, mtu wa mbele yake anatazama simu na kucheka, akachungulia. Naye yumo kwenye hao mia na arobaini?"

Mama Tepu aliuhamishia mfuko mkono wa pili.

"Hao mia na arobaini ni kina nani?"

"Ni… ni waliobofya."

"Mimi sikukuuliza waliobofya. Nimefundisha ufahamu miaka thelathini na minne. Mtoto akikosa jibu, anajibu swali ambalo hakuulizwa, na analijibu vizuri sana. Nikuulize tena?"

"Elfu sita mia mbili na kumi na nne," alisema Mama Tepu. Sauti ilimtoka ndogo, kama ya mtoto wa darasa hilo hilo. "Na picha imewapitia mara elfu kumi na saba na mia tano."

"Ahsante."

Kama ingekuwa matusi, angeyapokea. Ile ahsante hakujua aiweke wapi. Alikuwa amejifunza maneno matano siku ile, na kazi ya kwanza aliyoyapa ilikuwa kumdanganya mtu aliyemkosea. Aibu ya Jumatatu ilikuwa ya kidole na kutojua. Hii ya Jumatano aliifanya akijua, na hakuwa na kitufe cha kuisingizia. Aliweka mfuko juu ya dawati la mbele, akasema gauni limekwisha, akatoka. Mwalimu hakumwita.

Alhamisi hakufungua. Alinunua daftari gumu lenye jalada la plastiki, akakaa nalo kitandani akijaribu kukumbuka vipimo vya wateja wote, namba tupu, bila neno hata moja. Alipofika kwa Mwalimu aliacha nafasi wazi. Kuandika aliogopa, na kutoandika kulikuwa kama kumfukuza.

Ijumaa bintiye ndiye aliyemvuta kwenda. "Usipokwenda, mama, watasema umekimbia."

"Si nimekimbia kweli?"

"Ndiyo maana twende."

Walikaa safu ya mwisho, karibu na mlango, pale wanapokaa watu wenye watoto wanaolia. Ukumbi ulijaa. Mama Tepu alihesabu vichwa bila kutaka, akajikuta anagawa: huyu amefikiwa, huyu amebofya, yule mwenye shati la mistari uso wake ni wa mtu aliyewatumia wenzake. Hakujua kama Mwalimu angetokea. Na kama angetokea, alikuwa na hakika angevaa nguo ya zamani, na haki yake.

Mwalimu aliingia amevaa gauni.

Lilimkaa mabegani vizuri, mikono ilianguka ilivyotakiwa. Lakini kuna kitu hakikuwa sawa katikati, na Mama Tepu alihitaji muda kukielewa kwa sababu kilikuwa ni kitu kisichokuwepo. Mkunjo. Ule mkunjo ulioanzia juu ya kitovu, ulioshonwa kwa mkono kwa saa tatu nzima, ulikuwa umefumuliwa. Kitambaa kilishuka wazi juu ya tumbo la mwanamke wa miaka sitini aliyezaa watoto watano, na tumbo lilionekana kama lilivyo. Aliyefumua hakuwa fundi. Alitumia wembe, na kwa haraka. Pale uzi ulipokuwa umepita, mstari wa vitundu vidogo ulibaki, na katika ukumbi mzima wa watu kulikuwa na jozi moja tu ya macho iliyoweza kuviona.

Mwalimu alisimama, akatoa hotuba fupi, akawachekesha mara mbili, hakutaja simu. Mwanzoni kulikuwa na minong'ono kwenye safu za vijana. Alinyamaza, akawatazama kwa jicho lile lile la miaka yote, wakanyamaza nao. Mama Tepu alilia kimya kimya mpaka kwisha, na bintiye akamwacha alie.

Kisha watu wakapanga mstari kumpa Mwalimu mkono. Mama Tepu alitaka kutoroka lakini mstari ulianzia mlangoni, na kuupita kungeonekana na kila mtu. Akasimama ndani yake. Hatua kwa hatua akatafuta la kusema, na kila alilolipata lilikuwa na simu ndani yake, akalitupa. Alipofika mbele alinyoosha mkono tu. Mwalimu aliushika mkono wake, hakuuachia, akasogeza kichwa karibu kama mtu anayenong'onezwa heri na rafiki.

"Umeviona vitundu vya uzi?"

"Nimeviona."

"Kuna mwingine ameviona?"

"Hakuna. Havionekani, mpaka uwe fundi."

"Basi usiwakuzie," alisema Mwalimu.

Akauachia mkono, akamgeukia mtu wa nyuma. Mama Tepu alisogea pembeni kumpisha, akatoka nje, na bintiye alipomuuliza wameongea nini alisema hawakuongea kitu.